Datsun 1200 ya mwaka 1972 yenye injini ya A15, mara ya kwanza Brands Hatch: naombeni ushauri

Mluguru_Kent

Wakuu, habari za jioni. Nimesoma humu muda mrefu bila kuandika, leo nimefikwa.

Nina Datsun 1200 ya mwaka 1972, ya milango miwili. Niliinunua miaka sita iliyopita kwa mzee mmoja huku Kent, ilikuwa imelala gereji tangu mwanawe ahame. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu, ukiinua kapeti unaona sementi. Watu waliniuliza kwa nini nisichukue Escort au Mini kama wengine. Jibu ni moja: baba alikuwa na pikapu ya 1200 pale Morogoro. Ilibeba mkaa, matofali, wagonjwa wa kukimbizwa hospitali usiku, na siku moja ilimbeba dada yangu akiwa bibi harusi. Ule mlio nikiusikia popote, nageuka.

Nimeijenga mwenyewe, jioni baada ya kazi na Jumamosi. Injini ya A12 ya sisi (cc) 1171 imetoka, imeingia A15 ya sisi 1488. Kamshafti nimeweka kali kidogo, kabureta ni Weber 40 mbili, ekzosi imetengenezwa upya kuanzia kwenye hedi mpaka nyuma, na giaboksi sasa ni ya gia tano. Inavuta mpaka mizunguko 6,500 bila kulalamika. Kiti cha dereva ni cha kukumbatia mwili, mkanda ni wa kawaida wa pointi tatu. Nyuma bado ni springi za majani, nimeishusha kama sentimita nne. Breki za mbele ni diski za Sunny B310, nyuma dramu zake.

Sasa mke wangu kanilipia zawadi ya nusu siku Brands Hatch, kwenye ule mzunguko mfupi wa Indy. Si mashindano. Ni zile siku ambazo mtu yeyote mwenye leseni analipa, anaingia na gari lake, anazunguka kwa mwendo anaouweza. Zimebaki wiki tano.

Naomba mnisaidie mambo haya. Je, niweke kwanza kejli ya vyuma ndani, yale mabomba ya kumlinda dereva gari likipinduka? Tairi zangu zina nyuzi nzuri lakini sijui umri wake. Nimesikia wanapima kelele, na gari langu linapiga kelele. Na lingine, niseme tu ukweli, naogopa. Siogopi sana kuumia kama ninavyoogopa kuivunja. Miaka sita ya mikono yangu imo mle ndani, na hili ndilo gari ambalo wanangu wanalijua kama gari la babu, ingawa babu hajawahi kuligusa.

Fundi_wa_Pangani

Mdogo wangu, hongera sana. Mtu aliyeziba sakafu ya Datsun kwa mikono yake asimwonee haya mtu yeyote pale piti, yaani pale magari yanaposimama kando ya uwanja, hata aje na gari la bei gani.

Mimi nina Escort Mk2 ya mwaka 1977, huu mwaka wa kumi na tisa niko nayo, na naingia nayo uwanjani mara mbili tatu kila mwaka: Brands, Mallory, Cadwell. Niliipenda Escort nikiwa mtoto Tanga, mwaka 1972, gazeti lilipotoa picha ya ile RS1600 ya dereva Hannu Mikkola na msaidizi wake Gunnar Palm, watu wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mbio za Safari Rally. Kwa hiyo habari ya pikapu ya baba naielewa bila kuelezwa.

Sasa soma tena ulichoandika. Injini umeipa mistari minne, breki umezipa mstari mmoja wa mwisho. Naanzia hapo, kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Mara yangu ya pili Brands nilishatoa injini ya 1600 nikaweka Pinto ya lita mbili. Pedi za mbele zilikuwa mpya, nikajiona nimemaliza. Mafuta ya breki yalikuwa yale yale niliyoyakuta kwenye gari. Mzunguko wa saba au wa nane hivi, napanda kilima kuelekea kona ya Druids, nakanyaga breki, pedali ikashuka laini kama nimekanyaga embe bivu. Ikaenda mpaka chini. Hakuna mlio, hakuna kishindo, mguu tu umekosa kitu cha kusukuma. Nikakanyaga tena na tena harakaharaka, ikarudi nusu. Nikarudisha gia ya pili, gari likapiga yowe, likaingia kwenye kokoto kwa mwendo wa mtu anayekimbia, likasimama. Sikugonga kitu. Kilichoniokoa ni kile kilima, maana Druids unaifikia ukiwa unapanda. Ingekuwa kona ya Paddock Hill, ambako barabara inakutoka chini ya miguu, nisingekuwa hapa nakusimulia kwa utulivu huu.

Nilipotoka kwenye gari nilisikia harufu kabla sijaona chochote. Ile harufu ya pedi zilizoungua haifanani na kitu kingine, ni kama nywele na bati la moto pamoja. Diski zilikuwa na rangi ya bluu pembezoni.

Maelezo yake ni haya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, hata gari likiwa limelala. Mafuta mapya ya daraja la DOT 4 yanatakiwa yavumilie angalau nyuzi joto 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji asilimia tatu na kitu, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Nguvu ya mguu wako inaishia kubonyeza mvuke, haifiki kwenye pistoni. Barabarani hulioni hilo. Unapiga breki kwenye taa, halafu upepo unazipoza dakika mbili. Mzunguko wa Indy ni kama kilomita 1.9, kwa magari yetu ni dakika moja na sekunde kadhaa, na ndani yake unazikanyaga kweli kweli Paddock, Druids, Graham Hill na kule mwisho unapoingia Surtees na Clark. Hazipati nafasi ya kupumua. Kisha kumbuka joto linapanda kwa mraba wa mwendo: ukisimamisha gari kutoka kilomita 140 kwa saa, breki zinameza joto mara nne ya ulilozipa ulipolisimamisha kutoka 70. A15 yako inakufikisha mahali A12 haikukufikisha. Breki lazima zikurudishe kutoka huko.

Kwa hiyo ndani ya wiki hizi tano, kabureta ziache kama zilivyo. Fanya hivi. Mwaga mafuta yote ya breki, weka DOT 4 mapya kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, utoe hewa ukianzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Mipira ya breki iangalie ukiwa umeikunja kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo, badilisha yote. Nunua pedi zilizotengenezwa kwa joto kubwa, mweleze muuzaji wazi kwamba unakwenda uwanjani na gari la kama kilo 700. Halafu fungua dramu za nyuma. Watu wanazisahau. Chungulia chini ya vile vipira vya vumbi vya silinda ndogo, ukikuta umajimaji, silinda imekwisha. Na shuu, zile pedi za ndani ya dramu, zisogeze karibu na dramu, maana shuu zikiwa mbali pedali inakuwa ndefu na wewe utadhani ni hewa.

Tairi: ubavuni kuna tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2311 ni wiki ya 23 ya mwaka 2011. Gari kama letu halimalizi nyuzi, linazeesha mpira. Ukikuta ni za umri huo, usiingie nazo, hata zikiwa zinang'aa.

Kejli acha kwanza. Gari unaliendesha pia barabarani bila kofia, na bomba la chuma karibu na kichwa kisicho na kofia ni hatari yenyewe. Na usije ukashawishiwa kufunga mikanda ya pointi nne peke yake kwenye gari lisilo na kejli. Mkanda wa kawaida mzima, umefungwa kwenye chuma kisicho na kutu, unatosha kwa siku ya kwanza. Angalia tu pale ulipofungwa chini, kwenye kona ya sakafu, kwa sababu umesema sakafu ilikuwa imeoza.

Mluguru_Kent

Kaka, nimesoma nikiwa nimesimama. Nimetoka gereji sasa hivi na tochi. Tairi: 0912. Za mwaka 2012! Nimeagiza nyingine. Silinda ya nyuma kushoto ina unyevu kama ulivyosema. Mkanda uko salama, pale niliweka bati jipya mwenyewe.

Nieleze kidogo namna ya kuendesha. Sijawahi kuingia kwenye uwanja wowote. Na kelele?

Mama_Bendera

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, nakaa Essex, na nimesimama kwenye vibanda vya bendera kwenye mashindano ya vilabu kwa miaka saba. Nimeona magari ya kila aina yakirudi juu ya lori la kuvuta. Mengi yao madereva wake hawakuwa wakorofi. Walikuwa wanaangalia kipande cha lami kilicho mbele ya boneti, basi.

Ndugu Mluguru, asubuhi utaonyesha leseni yako, utasaini, utavalishwa utepe mkononi, na utakaa kwenye maelezo ya usalama. Usichelewe hayo maelezo, huruhusiwi kuingia bila hayo. Kisha mtazunguka mara mbili tatu taratibu nyuma ya gari la waandaaji. Katika mizunguko hiyo, kazi yako ni moja: tafuta vibanda vya bendera. Jua kila kimoja kiko wapi kabla hujajua kona ziko wapi.

Bendera ya njano, kuna tatizo mbele, punguza mwendo na usimpite mtu. Nyekundu, kipindi kimesimamishwa, inua mguu, rudi piti kwa utaratibu. Nyeusi unaonyeshwa wewe, rudi piti ukazungumze nao, na mara nyingi si ugomvi, huenda gari lako linadondosha oili na wewe huoni. Yenye mistari ya njano na nyekundu, lami inateleza. Ya bluu, kuna wa kasi nyuma yako.

Na hiyo ya bluu utaiona sana, usiione kama aibu. Datsun ya mwaka 1972 itapitwa na magari ya juzi yenye nguvu mara tatu. Siku nyingi hapa Uingereza wanaruhusu kupita upande wa kushoto tu, kwenye sehemu zilizonyooka, na mpaka wewe wa mbele uonyeshe kwamba umemwona. Washa indiketa ya kulia, kaa kulia, inua mguu kidogo, apite, endelea na raha yako. Anayeleta hatari ni yule anayekataa kupitwa. Hakuna saa, hakuna kombe, na ukikutwa unajipima muda wanaweza kukutoa.

Funga ndoano za kuvutia gari, mbele na nyuma. Mikono mirefu, suruali ndefu, viatu vyenye soli nyembamba. Kofia ngumu unaweza kukodi palepale, lakini agiza mapema.

Fundi_wa_Pangani

Mama Bendera kasema vizuri, naongezea yangu.

Kelele: wanaweka kipimo nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe, wanakuambia ushikilie injini kwenye robo tatu ya mizunguko yake ya juu. Kwako, kama mwisho ni 6,500, ni karibu 4,900. Kiwango kinabadilika kwa siku na kwa uwanja, kuna siku za desibeli 98, kuna za 105, soma barua yako ya malipo. Ukishindwa hapo unarudi nyumbani na pesa haurudishiwi. Weka silensa ya pili katikati kama nafasi ipo, na upime nyumbani mapema, hata kwa programu ya simu utapata picha.

Kuendesha: Paddock Hill ndiyo kona itakayokuogopesha, na ina haki. Unatoka kwenye mstari mnyoofu, barabara inapanda kidogo, inakunja kulia, halafu inadondoka. Huoni mwisho wake unapoanza kukata. Gari likidondoka linakuwa jepesi, na ukiinua mguu ghafla hapo, sehemu ya nyuma inakuja mbele. Kwa springi za majani ndivyo ilivyo, uzito unahama haraka na nyuma inaachia. Maliza breki ukiwa bado umenyooka, gia ukiwa umeshaiweka, kisha ingia na mguu mwepesi kwenye mafuta, gari likae juu ya magurudumu yote manne mpaka chini kabisa bondeni. Siku ya kwanza ingia polepole kuliko unavyodhani. Halafu mzunguko unaofuata ongeza kidogo.

Mizunguko mitano, sita, basi. Wa mwisho unazunguka taratibu bila kugusa breki, upepo uzipoze, ndipo unaingia piti. Ukisimama usivute handbreki hata kama umezoea miaka thelathini: shuu za moto zikikaa zimebana dramu ya moto, zinaganda au dramu inapinda. Acha gari kwenye gia, weka kipande cha ubao nyuma ya tairi. Zikipoa, chukua spana yenye kipimo ukague nati za magurudumu. Kila mara. Nati iliyokazwa barabarani inapata joto, inapumua, inalegea.

Oili jaza mpaka alama ya juu. Clark ni kona ndefu ya kulia, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inaweza kunyonya hewa. Macho yapitie geji ya oili ukitoka pale. Ikishuka kisha ikapanda, umeonywa. Petroli usishuke chini ya robo tangi, kwa sababu hiyo hiyo.

Mjukuu_wa_Malindi_Muscat

Assalaam aleikum. Mie nipo Muscat, asili yetu Unguja. Nina Corolla AE86, ile ya 4A-GE sisi 1587, na huibeba kwa trela mpaka Dubai, kwenye uwanja wa Autodrome, ule uliofunguliwa 2004. Huko shida yetu si mvua, ni joto. Basi nakupa moja tu la joto: sindano ikianza kupanda, washa hita ya ndani mpaka mwisho, na feni yake. Utatoka jasho wewe lakini maji ya injini yatashuka, maana hita ni rejeta ndogo. Imeniokoa hedigasketi mara mbili. Kabla hujaenda, hakikisha hita yako inafanya kazi, na mipira yake miwili mle ndani badilisha, ya zamani hupasuka na maji ya moto yakakumwagikia miguuni.

Karani_Leicester

Mawili ya karatasi kisha naondoka. Bima yako ya barabarani karibu kwa hakika haikulindi uwanjani. Ipo bima ya siku moja, inagharimu pesa ya maana, na ina kiwango cha hasara unachobeba mwenyewe. Amua kabla, si baada ya ukuta. Soma pia kama uwanja wanakudai ukiharibu vizuizi vyao.

Pili, gari la zaidi ya miaka 40 halidaiwi MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka hapa Uingereza, tangu Mei 2018, ila likiwa limebadilishwa sana msamaha unaondoka. Injini ya ukubwa tofauti lakini ya aina ile ile haihesabiwi kuwa badiliko kubwa, kwa hiyo A15 badala ya A12 haikunyimi. Mimi ningelipeleka MOT hata hivyo. Ada yake kwa gari dogo haizidi pauni 54.85, na unapata jicho la mtu ambaye hakulijenga.

Mluguru_Kent

Nimelipeleka leo. Limepita, isipokuwa mkaguzi kaniambia boljointi ya chini kulia ina mchezo. Mimi nilikuwa nimeipita nikiisafisha mara ishirini. Asante Karani, asanteni wote. Boljointi zote mbili nimeagiza.

Mluguru_Kent

Wakuu, nimerudi. Ni saa tatu usiku, gari liko gereji. Nawaandikia kabla sijalala.

Nilifika saa moja kasoro asubuhi. Manyunyu. Kelele: desibeli 99, kiwango cha leo kilikuwa 105, kwa hiyo ile silensa ya katikati ilikuwa pesa halali. Yule kijana mwenye kipimo aliinama akachungulia kabureta, akaita mwenzake, wakasimama wakiitazama mpaka gari la nyuma likapiga honi.

Kipindi cha kwanza lami ilikuwa na maji. Nilitafuta vibanda vya bendera kama alivyosema Mama Bendera, nikavihesabu kwa sauti ndani ya kofia. Paddock nilipita kwa mwendo wa kwenda msikitini na bado moyo ulinipanda. Nilipitwa na kila mtu. Indiketa, kulia, mguu juu, pita baba. Mmoja alinyoosha mkono kunishukuru kila alipopita.

Kipindi cha pili lami ikaanza kukauka, kikabaki kile kimstari chenye maji pembeni. Mzunguko wa nne nilifanya Paddock kama Fundi alivyoelekeza, breki nikiwa nimenyooka, gia ya tatu, mguu mwepesi. Gari likadondoka, tumbo likabaki juu, kisha pale chini bondeni springi zikajibana na gari likashika lami kama limewekwa na mkono. Nikapanda kwenda Druids nikilia machozi, nawaambia ukweli. Sikujua gari hili lina hilo ndani yake. Miaka sita nilikuwa naliendesha kama yai.

Niliporudi nikaweka ubao, handbreki sikugusa, nikasubiri, nikachukua spana. Nati moja ya mbele kulia ilizunguka robo nzima kabla ya kukaza. Robo nzima, Fundi. Mikono ilinitetemeka.

Pedali ilikaa ngumu mpaka mwisho. Harufu niliisikia kipindi cha tatu, nikatoka mzunguko mmoja mapema. Geji ya oili Clark ilishuka mara mbili kwa kitambo kidogo, baada ya hapo nikawa nainua mguu pale. Kwa jumla nimezunguka mara 34.

Na hili. Mke wangu alikuwa amesimama kwenye uzio pale Graham Hill, akarekodi sauti na kumtumia baba Morogoro. Baba ana miaka 81, macho yamekuwa mazito lakini masikio anayo. Alisikiliza mara mbili, akarudisha ujumbe wa sauti. Hakusema hongera. Alisema: "Hiyo injini mbele inapumua vizuri, nyuma inashiba kupita kiasi. Mwambie aangalie." Nimetoa plagi jioni hii. Ya kwanza na ya pili ni kahawia safi. Ya tatu na ya nne ni nyeusi, zina masizi. Ni kabureta ya nyuma, inamwaga petroli nyingi. Kasikia kwa simu, kutoka Morogoro.

Swali moja limebaki. Nimetoa magurudumu kuangalia pedi. Upande wa kulia, pedi ya ndani imelika karibu milimita tatu zaidi ya ya nje. Kushoto ziko sawa. Ni kawaida?

Fundi_wa_Pangani

Si kawaida. Kalipa ya kulia, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, haitelezi, pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake na ya nje inaburuzwa tu. Zitoe zile pini mbili inazotelezea, zisafishe kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, angalia kama kipira kimoja kimechanika na kuingiza maji, kisha paka grisi ya breki, siyo grisi ya beringi. Pedi badilisha pande zote mbili. Kabureta ya nyuma anza na kimo cha floti, kile kielea cha ndani, kabla hujagusa jeti, yale matundu ya kupimia petroli.

Mpe mzee salamu zangu, mwambie kuna Mtanga huku anamwamkia shikamoo. Na hiyo sampu tuichomelee vizuizi ndani, oili isikimbilie upande mmoja, kabla ya kwenda Cadwell. Nina bati na mashine ya kuchomelea, Jumapili ijayo niko nyumbani.